Hodi Katika Bomba

Wateja wetu wana lalamiko moja, na wanalo tangu vita viishe: tunachelewa kufungua maji. Kazi imekwisha, viungo vimekazwa, sakafu imefutwa, mama mwenye nyumba yuko jikoni na ndoo yake anangoja, lakini mmoja wetu bado anapanda ngazi kwenda kutazama tangi, anashuka, anazunguka nyuma ya nyumba. Wengine wanasema tunavuta muda makusudi. Bwana mmoja mwenye duka la vioo aliniambia usoni kwamba angewapa konokono ile kazi wangeimaliza kabla yetu. Nilimjibu ipasavyo, maana mdomo ninao, lakini sikumweleza sababu. Sababu yenyewe ni ndefu, na inamhusu shemeji yangu.

Alikuja kwetu kuomba kazi kabla hajawa shemeji. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na hakuwa na maneno. Baba alimpa spana akamwonyesha kiungo kinachovuja. Alikikaza bila kuuliza swali, akafuta sakafu, akarudisha spana mahali pake. Baba akageuka kunitazama mimi, mwanawe wa kuzaa, ambaye vyombo vyangu vilikuwa vimetapakaa chumba kizima, na hapo hapo nikajua nimepata mpinzani.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja upande wa barabara. Meza ya chuma ilisimama katikati na jiriwa lake la kubania mabomba, mabomba yalipangwa ukutani kwa unene, na siku zote palinuka mafuta na katani. Baba alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kwa sababu hakuweza tena kushika chombo. Zamani, alipokuwa kijana kwenye mitambo ya maji moto ya kiwanda cha kufulia nguo, aliingiza mikono yote miwili ndani ya bomba kutoa uchafu, na mtu wa upande wa pili, asiyemwona, akafungua. Mikono ilipona ikiwa imekunjamana mpaka viwikoni, na vidole havikukunjuka tena.

Kwa hiyo karakana yetu ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Kabla ya kufungua maji unagonga bomba mara tatu, halafu unangoja. Aliye upande wa pili akijibu mara tatu, yumo, usifungue. Akijibu mara mbili, hakuna mtu ndani, fungua. Na aliyegonga haondoki mpaka ajibiwe. Baba hakuibuni sheria hii. Aliikuta kwa mafundi wa mabomba makubwa, watu waliotoka huku na huko ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Sisi wengine tuliifuata kazi ikiwa kubwa, na ikiwa ndogo tuliiruka.

Shemeji hakuiruka hata mara moja. Aligonga hata bomba la sinki, jikoni akiwa peke yake. Anagonga, anainamisha kichwa upande, anasikiliza, kisha anakwenda mwenyewe upande wa pili kutazama, anajigongea mara mbili, anarudi, anafungua. Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi ndiye niliyempa jina la Hodi, kwa sababu kwangu alikuwa mtu anayepiga hodi nyumba ambayo ufunguo wake anao mfukoni. Jina likashika mtaa mzima. Akipita na mfuko wake wa vyombo watu walimwitikia "Karibu" kabla hajasema neno, naye anatabasamu tu na kupita. Dada yangu hakucheka. Alisema mwanaume anayesikiliza kwanza kabla ya kufungua kitu si wa kuchekwa, akaolewa naye. Tangu hapo nikawa na haki ya kumtania kishemeji, na sikuilaza njaa haki hiyo hata siku moja.

Tukaitwa jeshini pamoja. Vita vilianzaje sitaeleza, kwa sababu waliovianzisha hawajanieleza mimi mpaka leo. Dada alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kuonekana, na alisimama mlangoni mwa karakana akimfunga mumewe vifungo vya koti la jeshi kimoja kimoja, kana kwamba mwenyewe hana mikono. Baba akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote, akamshika Hodi mkono kwa ile mikono yake iliyokakamaa, akakaa nao muda mrefu. Mimi nilipata kofi la mgongoni.

Risasi tulizizoea. Maji ndiyo hatukuyazoea. Handaki letu lilikuwa bondeni, na mvua ya kilima kizima ilikuwa mali yetu. Watu husema maji yamewafika shingoni kwa kutia chumvi. Sisi yalitufika magotini na hatukutia chochote. Tulikula tukiwa tumesimama majini, tukasinzia tumekaa. Miguu ilivimba, ikapauka, ngozi ikabanduka pamoja na soksi. Nimeona vijana ambao ndevu zao hazijajaa, watoto wa watu, wakibebwa mgongoni kupelekwa hospitali, hawajaguswa na risasi hata moja, wanalia kwa sababu buti limegonga ukuta. Kwenye hotuba hayo hayasemwi.

Hodi aliyatazama yale maji siku kadhaa, kisha akaanza kazi. Hakuna aliyemwamuru. Aliokota makopo ya chakula, akayakata vitako, akayaunga moja ndani ya jingine kwa lami na matambara, na tayari akawa na bomba. Alichimba mfereji chini ya mbao tulizokanyaga, akautafutia mteremko kwa kuweka kikombe cha maji juu ya ubao na kukitazama kwa jicho moja, akayaelekeza maji yote kwenye shimo la kombora nyuma yetu. Baada ya hapo tulikuwa na kipande cha udongo mkavu, watu wakakilalia kwa zamu. Nimelala kwenye vitanda vizuri tangu wakati ule, lakini sijapata usingizi kama wa siku ya kwanza juu ya udongo mkavu wa shemeji yangu. Wakati huo nilikuwa sijui kumsifu mtu, nikamwambia bomba lake lina sura mbaya.

Soksi zake kavu aliwapa waliokwenda zamu ya ulinzi. Kwa hiyo miguu yake mwenyewe ndiyo iliyoharibika kuliko ya wote. Ilifika mahali akawa anatembea taratibu, mkono ukutani, kama mtu anayekanyaga vioo. Nilimgombeza nikamwambia hakuzaliwa mama wa kikosi kizima. Akanijibu kwamba wale wanasimama kutwa, na yeye kazi yake ni ya kukaa.

Sasa kuna bomba jingine, la chuma, lililokuwa pale kabla yetu. Lilitoka kwenye bwawa juu ya kilima nyuma yetu, likakatiza handaki letu, likapita chini ya uwanja wa seng'enge na maiti uliotutenganisha na adui, likaishia kwenye kiwanda upande wao. Mizinga ilikuwa imekibomoa kiwanda, pakabaki vyumba vya chini ya ardhi, na humo ndimo wenzetu wa upande wa pili walimolala. Kwetu sisi lile bomba lilikuwa kamba ya kuanikia. Tulitundika juu yake soksi na vikombe. Pembeni kulikuwa na vali yenye gurudumu kubwa, limeshika kutu, na hakuna aliyelijali.

Kapteni wetu hakuwa mtu mbaya. Alikula tulichokula, na majina ya waliokufa aliyajua yote bila kuuliza. Lakini alikuwa na amri ya kukichukua kile kiwanda, na kila tulipojaribu tulirudi pungufu. Siku moja jicho lake likatua kwenye lile gurudumu. Akamwita Hodi akamuuliza kama maji ya bwawa yanaweza kufika kiwandani. Hodi akasema yanaweza, vali ikilegezwa na bomba likizibwa pale juu lilipopasuka. Kapteni akauliza yatajaa upesi kiasi gani, na Hodi akasema upesi sana, kwa sababu bomba ni nene na kilima kiko juu. Mpango ukawa huo. Wale hukesha usiku na kulala mchana. Tutalifungua bwawa zima mchana wakiwa wamelala chini kule, watakaowahi kutoka watakutana na rashasha, kisha sisi tutavuka. Na kazi ikifanikiwa, alisema Kapteni, Hodi atapewa likizo ya kwenda nyumbani.

Barua ya dada ilikuwa imeshafika. Mtoto wa kike, amezaliwa salama, ana mikono mikubwa. Hodi aliikunja barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na likizo ndiyo kitu pekee nilichowahi kumsikia akikiombea kwa sauti.

Akaishambulia ile vali kwa furaha ya fundi aliyepata kazi ya fundi. Alimwagia gurudumu mafuta ya taa, akaligongagonga, akalibembeleza, akaenda kilimani akaziba ufa kwa madini ya risasi aliyoyayeyusha na matambara. Nilimwona akipiga mluzi. Nadhani siku zile alikuwa akimfikiria binti yake na ile vali, basi. Ya upande wa pili wa bomba hakuyafikiria, na mimi pia sikuyafikiria, na kama wapo waliofikiria walinyamaza.

Mchana wenyewe ukafika. Tulijipanga ukutani, visu vimefungwa kwenye bunduki, midomo imekauka. Kapteni alisimama karibu na vali, saa mkononi. Akampa Hodi ishara kwa kichwa. Hodi akainua spana yake akagonga bomba mara tatu.

Tulipigwa na butwaa. Naapa hakukusudia. Nilikuwa karibu naye na nilimwona uso: alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, vile vile kama kwenye masinki ya watu mtaani kwetu. Ndipo macho yakamtoka, akatambua yuko wapi na amefanya nini. Kapteni alibaki na mkono wa saa hewani. Kisha bomba likajibu. Mara tatu, taratibu, kwa nafasi sawasawa, soksi zetu zikatikisika juu yake.

"Kuna mtu," akasema Hodi.

"Najua kuna mtu," Kapteni akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana tunafungua. Fungua."

"Yumo ndani, afande. Amejibu."

"Hiyo ni amri, askari."

Hodi akailaza spana juu ya ubao, polepole, kama alivyokuwa akiilaza kwenye meza ya baba. Akaiweka mikono nyuma ya mgongo.

"Siwezi, afande."

Upande wa pili kelele zilikuwa zimeshaanza. Mlinzi wetu akasema kutoka juu kwamba wanatoka chini ya kiwanda, wanakimbilia nafasi zao, na muda si muda rashasha yao ikaanza kufagia ukingo wa handaki letu. Hakukuwa tena na sababu ya kufungua wala ya kuvuka. Kapteni alizungumza kwenye simu kwa muda mrefu, uso umekuwa wa kijivu, akatuambia tufungue visu. Niseme wazi nilichohisi. Nilifurahi. Katika mpango ule mimi nilikuwa mstari wa mbele, na mstari wa mbele wa kile kiwanda nilikuwa nimeshauona ukirudi.

Hodi alinyang'anywa bunduki, mkanda na spana. Bunduki ilichukuliwa na sajini. Spana nikaiomba mimi, nikaitia ndani ya koti langu, nikamwambia sajini ni mali ya baba yangu. Haikuwa uongo.

Baadaye Kapteni alimwita kwenye chumba chake, akaniita na mimi kama shahidi, kwa kuwa tulitoka karakana moja. Kilikuwa kijishimo chenye paa la magogo, meza iliyokuwa mlango wa nyumba ya watu, bado ina kitasa chake, na maji yakidondoka kwenye bakuli pembeni. Kapteni alisema polisi wa jeshi watakuja kumchukua Hodi njia ikipitika. Huko aendako wataanza kwa kusoma atakachokiandika yeye, Kapteni. Kwa hiyo anataka kujua jambo moja. Je, yalikuwa mazoea ya kazi, mkono umetangulia akili? Nikajibu mimi kabla sijaulizwa. Nikasema ni mazoea, mtaa mzima unajua, mpaka jina lake limetokana na hayo. Kapteni akatikisa kichwa kukubali. Kosa la mazoea, alisema, adhabu yake ni ndogo, na likizo yenyewe huenda isipotee. Alikuwa anatufungulia mlango, na kipofu angeuona. Akamgeukia Hodi amalizie.

"Kugonga ni mazoea, afande," Hodi akasema. "Kutofungua nilikusudia."

Kapteni alimtazama, akayafuta macho yake kwa vidole, akasema tutoke.

Nje nilimshukia Hodi kama mvua. Nilimuuliza kama ana akili timamu, kama anajua risasi za wenzake nazo huua, kama amesahau ana mtoto ambaye hajamwona. Nilimtukana, na katika ushemeji wetu wote ile ndiyo mara pekee niliyomtukana bila utani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema nyumbani anataka kwenda kuliko kitu chochote duniani.

"Lakini ningefika pale mlangoni, mzee anipe mkono," akasema. "Ile mikono yake. Ningemshikaje?"

Nikampa sigara, naye alikuwa havuti.

Njia haikupitika upesi. Mvua iliifanya uji, polisi wa jeshi hawakuonekana, na Hodi akaendelea kukaa nasi, mfungwa asiye na gereza, akisafisha mfereji wake kila siku. Vijana walianza kumletea vipande vya mikate yao bila kusema kwa nini. Wakati huo huo tulianza kusikia kitu chini ya miguu yetu, mkwaruzo wa mbali, unakuja na kukatika. Wengine walisema panya. Kapteni aliweka sikio ardhini akainuka bila kusema ni panya. Kila mtu handakini alikuwa amesikia habari za njia zinazochimbwa chini kwa chini na kujazwa baruti. Aliomba tuhamishwe. Wakubwa wakamjibu kwamba nafasi haiachwi kwa ajili ya kelele za ardhini.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mkwaruzo ukanyamaza. Watu wakacheka kidogo, wakasema panya wameshiba. Na ndipo lile bomba la chuma likagongwa. Mara tatu, taratibu, kwa nafasi sawasawa.

Kapteni alitoka kwenye kijishimo chake kijiko kikiwa bado mkononi. Hakumtazama sajini wala mimi. Alimtazama Hodi.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama kuna mtu."

"Maana yake nini?"

"Wanataka kufungua, afande."

Kapteni alisimama pale kidogo sana. Alikuwa na amri ya kutoiacha ile nafasi, na aliyemtafsiria alikuwa mfungwa wake mwenyewe. Kisha akatupa kijiko akasema wote watoke, mara moja, bila kelele, kwa njia ya nyuma, waache kila kitu. Nimemsamehe mengi kwa sababu ya dakika ile. Vijana wakaanza kupita, wameinama, wengine wana buti mkononi, wagonjwa wakikokotwa makwapani.

Bomba likagongwa tena mara tatu. Tulikuwa wa mwisho, mimi na Hodi, kwa sababu ya miguu yake. Nilikuwa nimempitisha mkono wangu kiunoni tukisogea, na kwenye kona ya kutokea akasimama.

"Hajajibiwa," akasema.

Nikamwambia atajijibu mwenyewe. Akasema yule hawezi kuondoka mpaka ajibiwe, ndivyo alivyofundishwa. Ataendelea kugonga, na wenzake watamsikia, na watamfanya kama wetu walivyotaka kumfanya yeye Hodi. Nikamvuta koti. Nikamwambia, twende, shemeji, tafadhali, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza kumwambia tafadhali. Likagongwa mara ya tatu, kwa haraka zaidi sasa, kama mtu anayetazama nyuma yake.

"Nipe spana," Hodi akasema. "Wewe tangulia, nakuja."

Niliitoa ndani ya koti nikampa. Fundi akiomba spana, unampa. Akageuka akarudi, mkono ukutani, akikanyaga vile vioo vyake.

Nilikwenda mpaka kona ya pili, nikasimama, na hapo nikasikia. Mara mbili. Safi, kwa nafasi, kama alivyokuwa akijigongea kwenye nyumba za watu baada ya kwenda kutazama. Mara mbili, hakuna mtu, fungua.

Nataka jambo hili lieleweke, na nimegombana na watu kwa sababu yake. Yule wa upande wa pili hakufungua hapo hapo. Alingoja. Kati ya pigo lile la pili na ardhi kuinuka palipita muda ambao mtu mwenye miguu mizima angetoka, angefika niliposimama, angesimama akavuta pumzi. Sijui kama alikuwa fundi au alikuwa mtu wa kawaida aliyefundishwa na fundi. Alimpa shemeji yangu muda wote aliokuwa nao wa kumpa. Ila hakujua habari za miguu. Nilimsikia Hodi akija, buti moja, kisha jingine, kisha moja, nikaanza kurudi kumfuata, na ardhi ikainuka.

Walinichimbua mimi wakiwa wanamtafuta yeye. Handaki lilikuwa limegeuka shimo kubwa la duara, na kutoka kwenye udongo ukingoni kulichomoza kipande cha bomba la makopo, kinatiririsha maji vizuri kabisa. Kapteni alikaa chini kwenye tope karibu na kile kipande, akakishika kwa mikono yote miwili, akalia mbele ya askari wake. Kikosi kizima kilikuwa hai nyuma yake, kinamtazama. Kwenye hotuba zao hilo nalo halimo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta dada kwenye jiriwa. Wanaume walipoondoka yeye ndiye aliyeshika vyombo, baba akimwelekeza kutoka kwenye kiti, na alikuwa anakata nyuzi za bomba, mtoto amelala mgongoni. Habari ya kifo alishaipata kwa jeshi, maneno matupu ya kuchapwa. Nikamweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Alisikiliza bila kuacha kuzungusha mpini, mpaka nilipofika kwenye yale majibu.

"Aligonga mara ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Mbili ni hakuna mtu."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwepo."

Nikasema alikuwepo. Dada akauachia mpini.

"Hajawahi kunidanganya hata siku moja," akasema. "Amekwenda kumdanganya mtu asiyemjua."

Akakaa chini sakafuni, palepale kwenye vyuma vilivyokatwa, akalia kwa sauti, na mtoto akaamka akalia naye. Baba aliinua mikono yake kutoka magotini, akaiangalia, akaishusha. Mimi nilifungua mlango nikatazama barabara, kwa sababu sikuweza kutazama ndani. Mtu mmoja akapita na kuniitikia "Karibu" kwa mzaha wa zamani wa Hodi, hajui, na nikamwambia asante.

Dada ndiye aliyebadilisha sheria, na baba hakubisha. Bado tunagonga mara tatu. Tukijibiwa mara tatu hatufungui. Lakini tukijibiwa mara mbili hatufungui pia, mpaka mmoja wetu aende akaone kwa macho yake, kwa kuwa katika karakana hii tunajua ni mtu wa namna gani anayeweza kugonga mara mbili naye yumo. Siku hizi anayekwenda ni mpwa wangu, mwanamke mzima sasa, na ile mikono mikubwa ameikulia. Mwenye duka la vioo na angoje. Mpwa wangu anapanda ngazi mpaka juu, anafunua tangi, anainamisha kichwa upande, na anaita kwa sauti hata panapoonekana wazi kwamba hakuna mtu.